Kofia ya Aliye Ndani

Ofisini kwetu kuna kofia moja nyekundu ya sufu, ina kishada juu, na mtu akiivaa haruhusiwi kusemeshwa. Sio mchezo. Sheria hiyo aliiweka bosi mwenyewe, na siku aliyoiweka alikuwa amekasirika mpaka masikio yamemwiva, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kucheka hadi alipotoka.

Mimi naitwa Kiberiti. Jina la kwenye cheti lipo, ila halina kazi. Wenzangu wanadai eti nawaka haraka, nami nasema wanaonisugua ni wao. Kazi yangu ni kutunza seva za kituo cha redio, na kama hujui seva ni kitu gani usijali, bosi wetu naye hajui vizuri na mshahara anapokea.

Seva yetu kubwa ni mashine moja tu, lakini ndani yake kila programu inaishi katika ulimwengu wake. Tunaziita kontena. Programu iliyomo kwenye kontena inaona mafaili yake tu na mtandao wake tu, na haina habari kama jirani yupo au amehama. Ukiweka njia ya mtandao huku nje, kwenye seva yenyewe, aliyemo ndani haioni. Na ndivyo tunavyotaka, maana programu moja ikishikwa na wazimu isiwaambukize wenzake.

Sasa taabu inakuja pale wa ndani anapougua na wewe mganga uko nje. Kwa hilo kuna amri moja, inaitwa nsenter. Unaiandika kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, unaipa namba ya programu unayotaka kwenda kwake, unaiambia uingie sehemu gani ya ulimwengu wake, mtandao, mafaili au vyote, halafu unaitajia kitu cha kuendesha humo. Watu wenye pupa wanaingia vyote. Mwenzangu wa meza ya pili tunamwita Zimawasha, kwa sababu dawa yake ya kila ugonjwa ni kuzima na kuwasha. Siku zake za mwanzo alijitosa mzima mzima kwenye kontena ya kurushia matangazo, akaomba chombo hiki, akaambiwa hakipo, akaomba kile, hakipo. Aliyeitengeneza ile kontena hakuweka kitu humo zaidi ya programu yenyewe. Ilikuwa sawa na kuingia jikoni kwa mtu ukakosa hata kijiko.

Dawa ni kuingia mtandao peke yake na kubaki na mafaili yako mwenyewe. Hapo unaona mtandao wa ndani kama anavyouona yeye, na vyombo vyako vyote vya nje unavyo mkononi. Mara ya kwanza nilipofaulu hivyo nilitamani kumpigia mtu simu, nikakosa wa kumpigia ambaye angenielewa.

Ila kuna mtego. Ukiingia namna hiyo, dirisha jeusi halibadiliki hata chembe. Jina la mashine ni lile lile, maandishi ni yale yale, hakuna kinachokuambia kama uko ndani au nje. Zimawasha alinaswa. Akiamini yuko ndani ya kontena, akauzima mtandao ili auwashe tena, kumbe alikuwa nje, akauzima mtandao wa seva nzima, na kituo kikanyamaza katikati ya taarifa ya habari. Ndipo bosi alipoingia na yale masikio yake, akaiona kofia nyekundu kwenye kiti, akaipiga mezani. Anayeingia avae. Anayetoka avue. Aliyevaa asisemeshwe, asipigiwe simu, asiulizwe hata habari za nyumbani. Na mimi ndiye niliyekuja kuwa mkali kwa sheria hiyo kuliko bosi aliyeitunga.

Ile kofia ilikuwa ya baba yangu. Mama alimfumia kwa sababu studio ina baridi, na baba, ambaye hakuwahi kuipenda rangi yake, aliitoa kwa ofisi kwa moyo mkunjufu kabisa.

Baba ni mtangazaji. Wasikilizaji wanamjua kama Mzee Mpo, kwa sababu kila alipofungua kipindi alikuwa anauliza neno moja, "Mpo?", kisha ananyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri kweli kujibiwa. Watu wengi walidhani ni mbwembwe za redioni. Nyumbani kwetu mama alikuwa anamjibu. Awe anakaanga, awe anafua, awe ananisuka mimi nywele na kunivuta kichwa bila huruma, baba akiuliza, mama anasema "Tupo", kwa sauti ya kawaida tu, halafu anaendelea na shughuli zake. Alimpenda kwenye redio kabla hajamwona kwa macho. Husema waziwazi kwamba siku alipomwona alivunjika moyo kidogo, maana kwa sauti ile alitegemea mtu mrefu zaidi.

Kisha koo la baba likaugua, akafanyiwa upasuaji, na sauti ikaondoka. Miezi mingi nyumba yetu iliendeshwa kwa mikono na kijiko. Baba akigonga kikombe mara moja, maana yake njoo. Mara mbili, asante. Akigonga mfululizo, haraka haraka, basi ujue anacheka, kwa sababu kicheko nacho kilikuwa kimekwenda na sauti. Tukajifunza kumsoma vidole na nyusi, na mama akawa mjuzi kiasi cha kugombana naye vizuri tu, yeye anasema na baba anapunga mikono, mpaka jirani anagonga mlango kuuliza kulikoni.

Sauti ilianza kurudi kidogo kidogo kule kliniki. Daktari akamruhusu aongee robo saa kwa siku, akizidisha inafunga mpaka kesho yake. Baba alitaka kuijaribu kwanza nyumbani, kwa mama. Mama akakataa katakata. Akasema sauti ya huyu mwanamume yeye aliipata redioni, na kama inarudi atairudia hapo hapo redioni, jikoni kwake, hataki kuchunguliwa usoni wakati anaisikia. Nilielewa. Alikuwa anaogopa, na mama akiogopa hapendi kuwa na watazamaji.

Baba naye alikuwa na msimamo wake. Aliniandikia kwenye simu kwamba atakwenda hewani siku moja kujaribu. Sauti ikikubali, atarudi kazini. Ikikataa, anatundika vipokea sauti vya kichwani na redio basi, kwa sababu hataki kusikilizwa kwa huruma. Nikambishia. Akagonga kikombe mara mbili, asante, na alipogonga hivyo ilimaanisha mjadala umefungwa.

Siku yenyewe alikuja mchana, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mkononi chupa ya maji ya uvuguvugu na kikombe chake na kijiko. Ofisi nzima ikasimama. Yeye hakusema kitu, alikuwa anabana matumizi ya sauti, akatusalimu kwa mkono mmoja mmoja, na alipofika kwangu akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. Mtayarishaji wa kipindi, mama mmoja mtulivu ambaye sijawahi kumwona akikimbia, akampeleka studio na kumkalisha nyuma ya kioo.

Wiki ile ile mnara wetu wa kurushia matangazo ulikuwa umehamishiwa jengo jingine. Fundi wa mnara alikuja, akaweka kwenye seva njia mpya ya mtandao ya kuufikia, akanywa soda yetu, akaaga. Tangu hapo tulikuwa tunapiga muziki kutoka mashine iliyoko huko huko mnarani. Kwa hiyo kipindi cha baba ndicho kingekuwa cha kwanza kutoka studio, kupita kwenye programu yetu ya matangazo ndani ya kontena, na kwenda mnara mpya. Sikutaka kubahatisha. Nikavaa kofia, nikaingia kwenye mtandao wa kontena nijionee mwenyewe kama mnara unafikika kutoka mle ndani.

Sijaandika kitu, simu ikaita. Mama.

Mtu mwingine angeipuuza. Mimi simu ya mama siwezi, siku kama ile ndiyo kabisa, na sheria inasema huongei ukiwa ndani. Basi nikatoka kwa adabu zote. Nikaandika exit, nikanyanyuka, nikaenda kuongea koridoni. Kitu kimoja tu nilisahau, nacho ni kuvua kofia.

Mama alitaka kujua kama baba amekula, kama maji ni ya moto au vuguvugu, na kwa nini amevaa shati lile wakati alimtolea jingine. Nikamwambia redioni shati halionekani. Akaniambia nisimfundishe redio. Tulipomaliza nilirudi mezani, na Zimawasha akanitazama kichwani, akaniuliza kwa kidole kama bado niko ndani. Nikagusa kishada. Niko ndani, ndugu yangu, huoni?

Nikaandika amri ya ping, ile inayobisha hodi kwa mashine nyingine kuuliza kama ipo. Mnara ukajibu, tena upesi, tena kila nilipobisha. Nikafurahi. Nikamwonyesha mtayarishaji dole gumba kupitia kioo, taa nyekundu ya studio ikawaka, na baba akafumba macho kama alivyozoea.

"Mpo?" akasema.

Sauti ilikuwa imeparuzika, imepungua uzito, lakini ilikuwa yake. Ilitoka kwenye spika ndogo ya ofisini kwetu ikanikuta sijajiandaa. Nililia, na sioni aibu kusema. Zimawasha alijifanya anatafuta kitu chini ya meza, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Baba akaanza kuwasalimu wasikilizaji, taratibu, neno kwa neno, na kila neno lililotoka zima mimi nilikuwa nashusha pumzi.

Simu yangu ikaita tena. Sikuigusa, nina kofia. Ikakatika, ikaita upya. Zimawasha akaona ni mama, akapokea kwa niaba yangu, akasikiliza, na uso wake ukabadilika. Akanisogezea simu sikioni.

"Mwanangu," mama akasema, "mbona mimi napigiwa muziki?"

Nikaitazama spika. Spika ya ofisini inachukua sauti moja kwa moja kutoka studio, haiangalii hewani kuna nini. Mashine ya mnarani ikikosa sauti kutoka kwetu inajipigia muziki wake. Baba alikuwa anamwaga sauti yake ya siku nzima, na waliomsikia ni sisi wachache na kuta.

Nikampungia mtayarishaji amsimamishe. Na yule mama ambaye hajawahi kukimbia akakimbia. Akamgusa bega, akamweleza. Baba akafumbua macho, akanyamaza, akatutazama kupitia kioo. Hakukasirika. Alikaa tu na kikombe chake mbele, sauti imeshaliwa nusu, na mimi nikajua kwamba iliyobaki ikiisha kabla hatujarekebisha, atavitundika vile vipokea sauti na hatavishika tena. Atasema redio yenyewe imemkataa.

Zimawasha akashauri tuzime programu tuwashe. Nikamwakia. Programu ile ikianza upya inasoma kwanza maktaba yote ya kanda zetu kabla haijafungua mdomo, na kwa kasi yake baba angekuwa ameshafika nyumbani na kulala. Nikarudi kwenye dirisha jeusi, nikabisha hodi tena mnarani. Mnara ukajibu. Nikabisha tena. Ukajibu tena. Sasa kama mnara unafikika, kwa nini programu haiufikii? Nikaitukana kompyuta, nikamtukana fundi wa mnara na soda aliyokunywa, nikaitukana hata meza.

Nikasikia kioo kinagongwa. Ni baba, na kijiko chake. Mara moja. Njoo.

Nikainua macho. Akaweka mkono sikioni, kidole gumba na cha mwisho, kama mtu anayeongea na simu. Akanionyesha mimi kwa kidole. Akaonyesha mlango, kule koridoni. Kisha akajigusa utosi, akabinya vidole kama ameshika kishada, na akatikisa kichwa polepole.

Mtayarishaji alidhani baba anaumwa kichwa. Zimawasha alidhani anaomba kofia, baridi imemzidi. Lakini mimi nimeishi miezi na mikono ile, nimetumwa nayo dukani, nimegombezwa nayo, nimeambiwa nayo kwamba atapona. Alikuwa anasema: nilikuona ukiongea na simu huku umevaa kofia. Na baba anaijua sheria, kofia yenyewe ilitoka kichwani kwake. Anayeongea na simu ametoka. Hiyo kofia inadanganya.

Nilikuwa nje. Muda wote ule nilikuwa nabisha hodi kutoka kwenye seva, ambako fundi aliweka njia yake mpya, na bila shaka mnara ulijibu, ungeacha kujibu kwa nini?

Nikaandika nsenter, namba ya programu, mtandao peke yake. Safari hii nikaingia kweli. Nikabisha hodi mnarani, na jibu likaja kwamba mtandao haufikiki. Sijawahi kulifurahia kosa namna ile, nilicheka peke yangu mpaka Zimawasha akaniogopa. Nikaomba orodha ya njia za mle ndani. Njia ya mnara wa zamani ilikuwepo, imejikalia. Ya mpya haikuwepo. Fundi aliiweka nje akasahau kwamba wa ndani wana ulimwengu wao, na mimi ndiye niliyepaswa kuligundua hilo, nikalipitia juu juu na kofia kichwani. Nikaiandika njia mpya pale pale, ndani, programu ikiwa inaendelea bila kuzimwa wala kuguswa. Nikabisha hodi.

Mnara ukajibu.

Programu yenyewe ilikuwa haijachoka kuutafuta mnara, inajaribu, inakataliwa, inajaribu. Safari hii ikapita. Nikainua dole gumba kwa baba, nikainua na lingine, ningekuwa na la tatu ningeliinua. Mtayarishaji akamwonyesha kwa vidole viwili vilivyokaribiana jinsi sauti iliyobaki ilivyo kidogo. Baba akaitazama karatasi yake, kurasa alizoziandaa kwa wiki nzima, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati lililopigwa pasi. Taa ikawaka.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mama hajakata simu. Ilikuwa imelala mezani, iko wazi. Nikaiweka sikioni, nisikie hewani kuna nini. Nikasikia jikoni kwetu. Nikasikia maji yanachuruzika bombani, na muziki ule ule, na ghafla muziki ukakatika. Bomba likafungwa.

"Mpo?" baba akauliza, mbele yangu nyuma ya kioo, na punde kidogo akauliza tena ndani ya simu, kutoka kwenye redio ya mama iliyo juu ya kabati.

Kimya. Kile kimya chake cha kusubiri.

"Tupo," mama akasema.

Hakuniambia mimi. Alisema kwa sauti yake ya kila siku, ila mwishoni ilitetemeka kidogo, na nikamsikia akivuta kiti akikaa, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikaa bila kazi mkononi wakati wa kipindi. Nikaita, mama, unamsikia?

"Kata simu, mwanangu," akasema. "Namsikiliza mume wangu."

Nikakata. Baba alikuwa na maneno machache tu, na aliyatumia vizuri. Aliwaambia wasikilizaji kwamba alikuwa amepotea, amerudi, na kwamba muziki waliousikia ulipigwa na binti yake, naye atamshughulikia nyumbani. Akamwambia mtu mmoja, hakumtaja, kwamba shati alilomtolea lilikosa kifungo. Kisha akasema, "Kesho, saa hizi hizi." Alisema kesho. Zimawasha akanipiga bega, akakumbuka nina kofia, akaomba msamaha kwa mikono miwili.

Baada ya hapo sauti ikafunga. Niliona midomo inakwenda na hakuna kinachotoka, na mtayarishaji akanyoosha mkono kuzima kipaza sauti. Baba akamzuia. Akachukua kijiko chake, akaanza kugonga kikombe, mfululizo, haraka haraka, hewani, mbele ya nchi nzima. Simu za ofisini zikaanza kuita. Wasikilizaji wanauliza hiyo kelele ni ya nini, studio kuna nini kimevunjika. Zimawasha naye akaniuliza, na nikamjibu kwamba hakuna kilichovunjika, mzee anacheka.